Askofu Mwoleka na Jumapili ya Utatu

Jumapili ya Utatu Mtakatifu huwatia hofu wahubiri wengi, na sisi waseminari hatujasalimika. Nafsi tatu, Mungu mmoja: utaelezaje? Askofu Christopher Mwoleka, aliyezaliwa mwaka 1927 na kuliongoza Jimbo la Rulenge, lililojumuisha Ngara na Biharamulo yetu, tangu 1969 hadi 1996, hakuona hapo kitendawili cha kuteguliwa. Kwake Utatu ulikuwa mfano wa kuigwa. Baba, Mwana na Roho wanashirikishana vyote; basi nasi tushirikishane.

Akajiunga na kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akaishi na wanakijiji kama mmoja wao, akashika jembe. Wapo waliomwona askofu wa siasa. Sisi tunaona walikosea: alianzia altareni, si kwenye Azimio la Arusha. Jumuiya Ndogondogo alizozipigania zilitoka humo humo.

Kisha ukaja mwaka 1994. Pasaka iliangukia tarehe 3 Aprili. Kabla majira yake hayajaisha, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakatua Benaco. Ngara ikawa na wageni kuliko wenyeji. Jumapili ya Utatu ilipofika, tarehe 29 Mei, kushirikishana kulikuwa kuni, maji na mashamba, tena na watu ambao baadhi yao walikuwa na damu mikononi.

Alistaafu 1996, mwaka wakimbizi wale waliporudishwa kwao, akafariki 2002. Jumapili ya Utatu bado huja masika yakiisha, maharage yakianikwa uani, na kila jumuiya ina mjane wa kupelekewa debe lake.