Mbaraka Mwinshehe, mwalimu asiyekuwa na darasa

Kuna dhana iliyoota mizizi miongoni mwetu walimu wa Kiswahili jijini Nairobi, kwamba lugha fasaha hupatikana vitabuni tu. Dhana hii huwaumiza zaidi wanafunzi wa mitaa kama Kibera na Kawangware, ambako vitabu ni adimu na Sheng imetamalaki. Wao huambiwa kila uchao kwamba Kiswahili sanifu ni mali ya watu wa pwani na watahini. Naipinga dhana hiyo, na shahidi wangu ni marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mwanamuziki ambaye hakumaliza masomo ya sekondari.

Mbaraka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944, Tanganyika ikiwa bado chini ya Uingereza. Mwaka huohuo, katika mji wa Morogoro uliozungukwa na mashamba ya mkonge, iliundwa bendi ya Morogoro Jazz. Msomaji asidhani kwamba muziki wake ulikuwa uleule wa New Orleans. Huku kwetu neno jazz lilimaanisha bendi ya dansi, yenye magitaa, ngoma na saksafoni. Hata hivyo, ukoo haukosekani. Sidney Bechet, aliyezaliwa New Orleans mwaka 1897, alitamba duniani kwa klarineti na saksafoni pasipo kujifunza kusoma noti. Mbaraka naye alitamba kwa gitaa la solo, sauti yake na ulimi wake.

Alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960. Mji huo ulikuwa pia maskani ya Cuban Marimba, bendi ya Salum Abdallah aliyefariki mwaka 1965, na ushindani wa bendi hizo mbili ulimlazimu kijana huyu kunoa kipaji chake. Haukupita muda akawa nguzo ya bendi. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilipelekwa Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 Mbaraka alijitenga na kuunda bendi yake, Super Volcano, aliyoiongoza hadi kifo chake.

Aliimba mapenzi, naam, lakini hakuishia hapo. Aliimba pesa, masimango na dhiki za mnyonge. Dakta Wilbert Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, alipouawa Desemba 1971 katika enzi za ujamaa, Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo. Wapo watakaosema kwamba hapo alikuwa akiitumikia serikali. Sikatai, bendi za Tanzania wakati huo zilitarajiwa kufanya hivyo. Lakini malenga wetu wa kale nao waliwatungia watawala, na hatujaacha kuwasoma.

Jambo linalotuhusu zaidi sisi wa Nairobi ni kwamba Tanzania ya wakati huo haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Redio yao ilirekodi nyimbo, ila santuri zilitengenezwa hapa. Kwa hiyo Mbaraka alirekodi Nairobi, na Wakenya wakamfanya wao. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, ukabaki umefungwa hadi mwaka 1983. Wanasiasa walirushiana maneno makali, lakini Kiswahili hakikuombewa pasipoti. Mbaraka alifariki mjini Mombasa Januari 1979 kwa ajali ya gari, mpaka ukiwa ungali umefungwa. Alikuwa na umri wa miaka 34 tu. Wimbo wake Shida ulienea Kenya nzima, nao wapendwa hadi leo.

Tujiulize basi: ni nani aliyewafasiria Wakenya wale maneno yake? Hakuna. Kibera ilianzishwa na askari wa Kinubi. Kawangware wamekutana Waluhya, Wakikuyu, Wakamba na wengineo. Kinachowawezesha majirani hawa kukopeshana chumvi na kuzikana ni Kiswahili. Mbaraka aliwaimbia watu wa aina hiyo kwa sentensi fupi, methali na msamiati wa kila siku, na lugha yake haikuwa na mawaa. Ufasaha wake haukuhitaji kamusi.

Kuna walimu watakaonung'unika kwamba nyimbo za baa hazifai shuleni. Nawakumbusha kwamba nyimbo ni utanzu wa fasihi simulizi tunaoufundisha kila muhula, aghalabu kwa mifano mikavu ambayo mwanafunzi hajapata kuisikia ikiimbwa. Wala sisemi Sheng ilaaniwe; ni lugha ya kizazi chake. Nasema tu kwamba mtoto aliyesikia Kiswahili kitamu kikipigiwa gitaa hataamini tena kwamba lugha hiyo ni ya wengine.

Walimu wenzangu, chagueni wimbo mmoja wa Mbaraka. Wanafunzi wausikilize, wauandike, wahesabu mishororo na vina, watafute methali zilizomo, kisha wajadili kama shida anazozitaja zimekwisha. Vitabu vikikosekana, somo hilo halitakwama.