Lamborghini: Mnunuzi aliyechoshwa na klachi mbovu

JINA Lamborghini likitajwa, wengi huwaza gari la bei ya kutisha, lililoinama barabarani kama chui anayevizia. Ni wachache wanaofahamu kwamba mwasisi wake, Ferruccio Lamborghini, alikuwa mwana wa wakulima wa zabibu aliyetajirika kwa kuuza matrekta.

Alizaliwa Aprili 28, 1916, katika kijiji cha Renazzo, kaskazini mwa Italia. Shamba halikumvutia, kilichomvutia ni mashine zilizolilima. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilimpeleka katika kisiwa cha Rhodes akiwa makanika wa kikosi cha wanahewa. Vita vilipokwisha mnamo 1945 alitekwa na Waingereza, na hakurejea nyumbani hadi 1946. Mwaka uliofuata mkewe alifariki alipokuwa akijifungua mwana wao, Tonino.

Wakati huo mashamba ya Italia yalikuwa na kiu ya mitambo. Ferruccio alinunua magari ya kijeshi yaliyoachwa na vita, akayatumia kuunda matrekta ya bei nafuu. Kampuni yake ya mjini Cento, iliyoanzishwa 1948, ilistawi, na kufikia mapema miaka ya 1960 alikuwa akiuza pia mitambo ya kupasha nyumba joto. Sasa angeweza kununua gari lolote alilolitamani. Alinunua Ferrari, tena zaidi ya moja.

Kwa masimulizi yake mwenyewe ya uzeeni, klachi za magari hayo hazikudumu. Kila mara alilirudisha gari kiwandani Maranello, likachukuliwa kutengenezwa asikoruhusiwa kuona, na baada ya muda ugonjwa ukawa ule ule. Hatimaye alilifungua katika karakana yake, akakuta klachi ya aina aliyokuwa akiitumia katika matrekta yake. Alipompelekea Enzo Ferrari malalamiko, inasemekana alijibiwa kwamba mtu wa matrekta hana ujuzi wa kuendesha gari la aina hiyo. Kisa hiki kina matoleo mengi, na bila shaka kimetiwa chumvi njiani.

Je, mnunuzi huyo angefanya nini? Sheria ya Italia ya 1942 ilimpa haki ya kudai kwa kasoro iliyofichika, lakini alipaswa kumwarifu muuzaji ndani ya siku 8 baada ya kuigundua, na kushtaki kabla ya mwaka mmoja kupita tangu akabidhiwe mali. Sheria iliyowalenga wanunuzi wa magari mapya ilichelewa. Jimbo la Connecticut, Marekani, ndilo lililotangulia mnamo 1982: kasoro ikidumu baada ya majaribio 4 ya kuirekebisha, au gari likikaa gereji siku 30, mtengenezaji hulazimika kulibadilisha au kurudisha fedha. Wamarekani huliita gari bovu limau, nazo sheria hizo zikarithi jina hilo. Muungano wa Ulaya ulitoa agizo lake la dhamana ya miaka miwili kwa bidhaa zote mnamo 1999.

Ferruccio hakuzisubiri. Mnamo 1963 alianzisha kiwanda katika mji wa Sant'Agata Bolognese, akamwajiri Giotto Bizzarrini, mhandisi aliyekuwa ameondoka Ferrari, amuundie injini ya silinda 12. Gari la kwanza lilipoonyeshwa Turin mwaka huo, injini haikuwa imetoshea ndani, hivyo boneti ikabaki imefungwa. Mnunuzi aliyechukia kasoro aligundua mapema jinsi zinavyozaliwa.

Hata hivyo, gari la 350 GT lilifuata 1964, na Miura, lenye injini nyuma ya dereva, likawashangaza watu Geneva 1966. Nembo ilikuwa fahali, kwani yeye mwenyewe alizaliwa chini ya nyota ya Ng'ombe.

Matrekta, yaliyoubeba mradi wote, ndiyo yaliyomwangusha. Oda kubwa kutoka Bolivia ilifutwa baada ya mapinduzi ya kijeshi, na fedha zikakauka. Mnamo 1972 aliuza asilimia 51 ya kampuni ya magari, akaachana na matrekta, na kufikia 1974 hakuwa na hisa yoyote katika kiwanda kilichobeba jina lake.

Alihamia Panicale, karibu na Ziwa Trasimeno, akalima zabibu kama wazazi wake na kutengeneza divai. Alifariki mjini Perugia Februari 20, 1993, akiwa na umri wa miaka 76.