Elijah Masinde, Aliyepelekwa Mathari

Wasomaji wetu wa pwani wakisikia jina la Masinde hudhani ni Masinde Muliro, yule mwanasiasa aliyefariki mwaka 1992, ambaye chuo kikuu cha Kakamega kinaitwa kwa jina lake. Ninayemzungumzia leo ni mwingine: Elijah Masinde wa Kimilili, Mbukusu aliyezaliwa yapata mwaka 1910. Alikuwa mcheza kandanda hodari, na mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Alilelewa katika kanisa la Wakwekari, nao wakamtoa alipooa mke wa pili.

Habari zake haziwezi kueleweka bila ya habari za vita. Mwaka 1895 majeshi ya Waingereza, wakiongozwa na Hobley, yaliwapiga Wabukusu katika ngome za Lumboka na Chetambe kwa bunduki za Maxim. Waliobaki walikua wakiwahesabu wafu wao. Kisha ikaja Vita Kuu ya kwanza, na ilipokwisha, mwaka 1919, serikali ikaanza kuwagawia askari wake wa Kizungu mashamba, yakiwemo ya Kitale na Trans Nzoia. Mwafrika aliyebeba mizigo au bunduki katika vita hiyo hiyo hakupata hata robo eka. Wabukusu wengi wakawa vibarua katika mashamba hayo.

Vita vya pili vilipoingia, Wakenya wapatao 98,000 walitiwa jeshini, wengine wakafika hadi Burma, na waliosalia nyumbani wakalazimishwa kuwalimia masetla. Masinde akakataa. Akawaambia watu wake wasiende, na wageni waondoke. Akatiwa gerezani, kisha akahamishiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akakaa huko hadi mwaka 1947.

Sisi tuliopita chuoni tunalijua neno majununi, na tunajua hutupiwa nani: mtu anayesema lile ambalo wakubwa hawataki kulisikia. Mkuu wa Mathari miaka hiyo alikuwa Daktari Carothers, ambaye mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu, na humo akaifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Kwa mizani hiyo, nani kati yetu angepimwa akaonekana mzima?

Alipotoka, jambo alilofanya mwaka huo huo ni kuwaongoza maelfu ya watu kwenda Chetambe kuwakumbuka mashujaa wa 1895. Kwangu mimi hilo si tendo la mwendawazimu. Ni matanga yaliyocheleweshwa miaka hamsini na miwili. Serikali iliona vingine. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wake huko Malakisi, wakafa 11. Dini yake, Dini ya Msambwa, ikapigwa marufuku, naye akaletwa kwetu pwani, kisiwani Lamu, uhamishoni. Hakuachiwa mpaka uhuru ulipokuwa mlangoni.

Uhuru nao haukumtuliza. Dini iliandikishwa mwaka 1964, ikapigwa marufuku tena mwaka 1968, naye akaonja tena gereza, safari hii la Waafrika wenzake. Alifariki mwaka 1987. Wafuasi wake wangaliko Bungoma na Kitale.