Hornaday: Aliyeokoa baisani, akamfungia binadamu

Ukibahatika kufika New York, panda treni hadi Bronx uingie bustani ya wanyama iliyofunguliwa 1899. Utaona baisani, yule nyati wa Marekani mwenye nundu na manyoya mazito. Kwamba yuko hai hadi leo, shukrani nyingi ni za jamaa mmoja, William Temple Hornaday. Lakini ngoja, usimpigie makofi bado.

Hornaday alizaliwa Indiana mwaka wa 1854. Chuo aliacha bila shahada, kama baadhi yetu, akaingia kazi ya kujaza ngozi za wanyama waliokufa ili waonekane hai. 1886 jumba la makumbusho la Washington likamtuma Montana kusaka baisani wa maonyesho. Mamilioni walikuwa wameshamalizwa kwa bunduki, na kuwapata ikawa shida. Na wale wachache aliowapata? Akawaua, zaidi ya 20! Aliona wanakwisha tu, heri ibaki ngozi.

Safari hiyo ilimgeuza. 1889 akachapisha kitabu kuhusu maangamizi hayo. 1896 akakabidhiwa bustani ya Bronx, akafuga baisani humo. 1905 akasaidia kuanzisha chama cha kuwatetea, na 1907 baisani 15 wakapakiwa kwenye treni hadi hifadhi moja Oklahoma. Hebu fikiria, mnyama wa porini anatolewa jijini ndio akaanze kizazi upya huko porini!

Sasa sikia upande wa pili. Septemba 1906, Hornaday huyo huyo alimweka Ota Benga, kijana Mmbuti kutoka Kongo, katika nyumba ya nyani. Umati ukamiminika kumtazama na kumcheka. Wachungaji weusi wa jiji wakapinga vikali hadi akatolewa, lakini Hornaday alishikilia kwamba hakukosea. Ota Benga alijiua Virginia mwaka wa 1916, bila kurudi kwao. Hornaday alikufa 1937. Taasisi inayoendesha bustani hiyo iliomba radhi 2020, miaka 114 baadaye.

Kwa hivyo ukisimama pale kwenye ua wa baisani, mpe Hornaday haki yake. Kisha mtaje Ota Benga kwa jina. Mtu anaweza kumlilia mnyama na asimwone binadamu aliye mbele yake, na sisi tunaopenda kupigania mazingira tusijidanganye kwamba hilo haliwezi kutupata.