Enoch Sontonga: Mwalimu wa kwaya aliyewatungia wanafunzi wimbo wa bara zima

Wanafunzi wa Tanzania wanapopanga mstari asubuhi na kuimba wimbo wa taifa, wanaimba muziki uliotungwa kwa ajili ya watoto wa shule kama wao. Mtunzi wake, Enoch Mankayi Sontonga, hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, mwenye kwaya ya wanafunzi na daftari la kuandikia nyimbo.

Alizaliwa yapata mwaka 1873 huko Uitenhage, katika jimbo ambalo leo linaitwa Rasi ya Mashariki, nchini Afrika Kusini. Alikuwa Mxhosa. Baada ya masomo ya ualimu katika chuo cha misheni cha Lovedale alipangiwa kazi kwenye shule ya Wamethodisti huko Nancefield. Johannesburg wakati huo ilikuwa na umri wa miaka kumi tu, mji uliochipuka baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1886, na Waafrika waliofika huko kutafuta kazi waliishi maisha magumu. Ndiyo maana, tunaelezwa, nyimbo nyingi za Sontonga zilikuwa za huzuni. Alimuoa Diana Mgqibisa, wakapata mtoto mmoja wa kiume. Nje ya darasa alikuwa mpiga picha na mhubiri.

Yeyote aliyewahi kuimba kwaya ya shule katika Afrika Mashariki ataielewa mara moja kazi ya mwalimu huyu. Aliandika nyimbo zake kwa solfa, yaani do, re, mi zinazoandikwa kwa herufi za kawaida badala ya alama juu ya mistari mitano. Mfumo huo uliendelezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19, na wamisionari wakausambaza Afrika. Faida yake ni kwamba hauhitaji kinanda wala karatasi maalumu. Mwalimu anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili, na baada ya mazoezi machache sauti nne zinasimama: soprano, alto, tena na besi. Kwaya ya jirani ikiupenda wimbo, inaazima daftari na kunakili.

Hivyo ndivyo Nkosi Sikelel' iAfrika, yaani Mungu ibariki Afrika, ilivyosafiri. Sontonga aliitunga mwaka 1897, ubeti mmoja na kiitikio. Kwaya yake iliiimba Johannesburg na Natal, na kwaya nyingine zikafuata. Mwaka 1899 iliimbwa hadharani kwenye ibada ya kumuweka wakfu Mchungaji Boweni wa Kanisa la Methodisti.

Sontonga hakuishi kuona zaidi ya hapo. Alifariki dunia tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na umri wa miaka 32. Wanakwaya wakawa wanakwenda kwa mjane wake kuazima nyimbo. Inasimuliwa kwamba baadaye Diana aliuza haki za wimbo huo kwa peni sita. Alifariki mwaka 1929, wakati wimbo wa mumewe tayari ni mali ya watu wote. Tunadhani hapa ndipo penye uchungu wa kisa hiki: njia ileile iliyoufikisha wimbo kila mahali, ya kunakili na kuazimana, ndiyo iliyomwacha mtunzi nyuma. Mtu ananakili solfa, hanakili jina.

Waliousukuma mbele zaidi walikuwa wanafunzi tena. Kwaya ya shule ya Ohlange ya huko Natal, iliyoanzishwa na John Dube, iliutangaza katika maonyesho yake Johannesburg. Dube ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC, na chama hicho kilipoasisiwa Bloemfontein tarehe 8 Januari 1912, wimbo uliimbwa baada ya sala ya kufunga mkutano. Mwaka 1923 mwandishi Sol Plaatje aliurekodi London. Miaka miwili baadaye ANC iliufanya wimbo wake rasmi, na mwaka 1927 ulichapishwa ukiwa na beti saba zaidi za mshairi Samuel Mqhayi.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 iliuchukua muziki huo kwa maneno ya Kiswahili. Zambia nayo iliuchukua, kwa maneno yake yenyewe. Zimbabwe iliutumia hadi mwaka 1994, mwaka ambao Afrika Kusini yenyewe iliutambua rasmi.

Lakini kaburi la mtunzi lilikuwa wapi? Kwa miaka mingi hapakuwa na aliyejua. Watafiti waliligundua katika miaka ya 1990, kwenye makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, sehemu waliyozikwa Wakristo Waafrika. Lilichelewa kupatikana kwa sababu walitafuta jina la Sontonga, kumbe kwenye rejista ameandikwa Enoch. Tarehe 24 Septemba 1996 kaburi hilo lilitangazwa kuwa mnara wa taifa, na Rais Nelson Mandela akazindua kumbukumbu yake.

Daftari la nyimbo halikupatikana. Inasemekana liliishia mikononi mwa bibi mmoja wa ukoo, aliyejulikana Soweto kwa kutokosa pambano la ngumi hata moja. Bibi huyo alifariki wakati ule ule watu walipoanza kumtafuta Sontonga upya.