Otto Warburg na Pumzi ya Seli

Otto Heinrich Warburg alizaliwa tarehe 8 Oktoba 1883 katika mji wa Freiburg, nchini Ujerumani. Baba yake, Emil Warburg, alikuwa mwanafizikia mashuhuri wa ukoo wa Kiyahudi. Mama yake alitoka katika familia ya Kikristo. Nasaba hiyo tunaitaja mapema kwa sababu ilikuja kumletea hatari ukubwani.

Warburg alisoma kemia mjini Berlin kwa Emil Fischer, akapata shahada ya udaktari mwaka 1906. Hakutosheka. Alikwenda Heidelberg kusomea utabibu, akapata shahada ya pili ya udaktari mwaka 1911. Katika miaka hiyo alifika Napoli, nchini Italia, akachunguza mayai ya mnyama mdogo wa baharini mwenye miiba mwili mzima. Aligundua kwamba yai likishatungishwa, matumizi yake ya oksijeni huongezeka mara kadhaa. Tangu hapo swali moja halikumtoka moyoni: seli inayokua hupata wapi nguvu zake? Na ikiwa saratani ni ukuaji usio na mpaka, je, siri yake haimo katika pumzi ya seli?

Vita Vikuu vya Kwanza vilimkatiza. Aliingia katika kikosi cha wapanda farasi, akajeruhiwa vitani. Mwaka 1918 Albert Einstein alimwandikia barua kumsihi arudi katika sayansi, naye akarejea maabarani Berlin.

Miaka ya 1920 ndiyo iliyomletea sifa. Alikata tishu vipande vyembamba mno, akavitia vikiwa hai katika chupa ndogo zilizounganishwa na manometa, chombo cha kupimia shinikizo la gesi. Kwa njia hiyo aliweza kujua seli zimetumia oksijeni kiasi gani na zimetoa asidi kiasi gani. Msuli wa mkimbiaji ukipungukiwa na oksijeni huchachusha sukari na kutoa asidi ya laktiki; oksijeni ikitosha, uchachushaji huo hupungua. Warburg aliona kwamba seli za uvimbe wa saratani huikiuka kanuni hiyo. Hata zikizungukwa na oksijeni tele, huila sukari kwa pupa na kumwaga asidi, ingawa njia hiyo huzaa nguvu kidogo tu.

Mwaka 1931 alipewa Tuzo ya Nobel, si kwa kazi hiyo ya saratani, bali kwa kuonyesha jinsi kimeng'enya cha upumuaji kinavyofanya kazi ndani ya seli. Mwaka 1933 Wanazi walitwaa utawala. Hans Krebs, aliyewahi kuwa msaidizi wake, alifukuzwa kazi kwa kuwa Myahudi, akakimbilia Uingereza. Warburg alibaki. Mwaka 1941 aliondolewa katika taasisi yake, lakini baada ya wiki chache akaruhusiwa kurudi ili aendelee kuitafiti saratani. Hivyo alifanya kazi chini ya serikali iliyokuwa ikiwaangamiza watu wa ukoo wa baba yake, jambo ambalo halikomi kuwatatiza wasomao maisha yake.

Baada ya vita alikazania nadharia moja. Alidai kwamba chanzo cha kila saratani kilikuwa kuharibika kwa upumuaji wa seli. Wenzake walimwonyesha seli nyingi za saratani ambazo upumuaji wake ulikuwa mzima, wala hakukubali. Alifariki tarehe 1 Agosti 1970, akiwa na umri wa miaka 86, akiwa bado ameushikilia msimamo wake.

Uchunguzi wa jeni ulipopamba moto, kazi ya Warburg ilisahauliwa na wengi. Hata hivyo, vipimo vyake havikufa. Leo madaktari humdunga mgonjwa sukari yenye mionzi hafifu, kisha hutazama kwa mashine mahali inapokusanyika, kwa kuwa mara nyingi uvimbe huivuta sukari hiyo kuliko tishu nyingine. Watafiti wa umetaboli nao hupima mamia ya kemikali za seli kwa pamoja, wakilifuata swali lile lile la Napoli.

Mwanachuo aisome tena habari hii akiangalia vitenzi. Yaliyompata Warburg tumeyasimulia kwa -li- na -ka-. Yale ambayo seli hufanya jana, leo na kesho tumeyaeleza kwa hu-. Alichokiona katika chupa zake kimo katika hu-. Alichokidai kuhusu chanzo cha saratani tumekiacha katika -li-. Mwalimu atakayeichanganya mipaka hiyo atakuwa amekosea sarufi, na atakuwa amewapotosha wanafunzi wake kuhusu ukweli.