Sir wa Kilimambogo, na wale wasio na jina

Ukitoka Thika wikendi hii upande Kilimambogo, utapata kaburi la William Northrup McMillan. Mmarekani huyu, mzaliwa wa St. Louis mwaka 1872, alikuwa na shamba Juja, jirani na Ruiru. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, aliingia jeshi la Uingereza. Mwaka 1918 akapewa cheo cha Sir, akafariki 1925. Rekodi yake haina pengo.

Je, wapagazi waliobebea jeshi hilo mizigo, walioachia Nairobi jina Kariakor? Maelfu walikufa bila majina yao kuandikwa popote. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi. Wewe muulize shosho: nani kwenu alienda? Andika jina hilo, lisipotee tena.